Mkono wa Isaya wa Nne

Wivu wa mume kwa mkewe tumeuzoea: simu imeita mara moja ikakatika, jirani amecheka kupita kiasi, mtu fulani amembebea mzigo hadi mlangoni. Shemeji yangu hana wivu wa namna hiyo. Dada yangu ni mkunga, anarudishwa nyumbani alfajiri na madereva wa hospitali wenye vifua vipana, na shemeji hafungui hata jicho moja. Lakini mwonyeshe mtu mwingine amesimama mbele ya watu na Biblia mkononi, watu wanamsikiliza, halafu uone. Atakwambia chai haina sukari, na chai ni yeye mwenyewe aliyeikoroga.

Nampenda, nisieleweke vibaya. Ni fundi makochi, na karakana yake inapakana ukuta na chumba ninachosukia nywele, kwa hiyo nyundo yake naijua kama ninavyoijua sauti yake. Akiwa na furaha, misumari inafuatana bila kupumzika. Akiwa amekasirika anagonga mmoja, kimya, kisha mwingine, kimya tena. Wateja wangu wameshajua. Wakiusikia ule mlio wa mmoja mmoja wananiuliza, “Leo kafanyiwa nini?”

Shule aliiachia njiani baba yake alipofariki, ila hamu ya kusoma haikumwacha yeye. Mchungaji mmoja mstaafu wa kanisa jingine alimletea makochi abadilishe kitambaa, akamletea pia makasha ya vitabu ambavyo wanawe hawakuvitaka. Vilikuwa vitabu vya wanazuoni wa Biblia, watu wanaokaa na mstari mmoja mpaka uwaambie nani aliuandika, lini, na kwa nini. Shemeji alivisoma na kamusi pembeni. Akaanza kujifunza hata herufi za Kiebrania, anazichora kwa chaki ya kukatia vitambaa kwenye mbao za chini ya makochi kabla hajayafunga. Mpaka siku mteja mmoja mama alipopindua kochi lake kutafuta hereni, akakutana na maandishi asiyoyajua, akaja mbio karakana na majirani wawili kuuliza ni nani aliyetumwa kumroga. Shemeji alimweleza kwamba zile zilikuwa alifabeti tu. Yule mama akasema wachawi wote huanza na alifabeti.

Sisi ni Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao majirani wanatuita Wamormoni. Tunakutana ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye viti vya plastiki. Hatuna mchungaji wa mshahara. Rais wetu wa tawi ni dereva wa lori la maji. Ni rais asiye na msafara wala king’ora. Kwetu kila kazi ni wito. Huombi, hujipendekezi. Unaitwa, unafanya, na siku moja unapumzishwa anaitwa mwingine, nawe unarudi kukaa na watu kama kawaida. Mimi niliitwa kupiga kinanda nikiwa najua nyimbo tatu, na hizo tatu ndizo tunazoimba. Shemeji aliitwa kufundisha Shule ya Jumapili, na hapo ndipo moyo wake ulipoweka makazi.

Alikuwa anaamini, tena kwa dhati, kuliko wengi wetu tusioulizaga kitu. Alitufundisha kwamba Nuhu anaambiwa aingize wanyama wawili wawili, na ukifungua sura inayofuata, wale walio safi wamekuwa saba saba; kwamba huenda ni wasimulizi wawili walioshonwa pamoja, na mshono unaonekana ukisogeza macho. Akasema Mungu hakuogopa kutumia mafundi wengi. Kanisa letu lenyewe linatufundisha kuiamini Biblia huku tukijua imepita mikononi mwa watafsiri, kwa hiyo kwake kuuliza kulikuwa ni namna ya kusali.

Tatizo ni kwamba alisali kwa sauti ya mtihani. Ukimuuliza swali alikujibu kwa vitabu vitatu. Mlinzi wa ghala, anayekuja kanisani moja kwa moja kutoka zamu, alilala darasa zima, na akiamka alisema “Amina” hata kama hakuna aliyeomba. Siku shemeji alipotueleza kwamba wanazuoni wengi wanasikia sauti tatu ndani ya kitabu cha Isaya, kila moja ya wakati wake, vijana wakampachika jina: Isaya wa Nne. Alijifanya kuchukia, ila nilimwona anatabasamu kwenye ngazi. Muuza mkaa, muumini mwenzetu, hakutabasamu. Alimfuata Rais akamwambia, “Mimi nimeingia na Isaya mmoja, nimetoka na watatu, na hakuna hata mmoja aliyenifariji.”

Basi katikati ya wiki Rais alisimamisha lori lake mbele ya karakana, akamwambia shemeji kwamba atapumzishwa. Alimshukuru vizuri, kwa maneno ya heshima.

“Anachukua nani?” shemeji akauliza.

“Bado naomba.”

Lori likaondoka. Nikasikia msumari mmoja. Kimya. Baadaye alikuja mlangoni kwangu, mteja wangu kichwa nusu kimesukwa, akasema, “Wataniita tena. Watamweka mtu, atawasomea kama anasoma matangazo ya vifo, watanirudia wenyewe.” Nilimwambia mtu akipumzishwa apumzike. Hakunisikia.

Jumapili ile Rais alimwita dada yangu dakika za mwisho kabisa, wakati viti vinapangwa, kwenye kile chumba cha mafagio ambacho ndicho ofisi yake. Akatoka huko amebeba uso usio wake, macho yanamtafuta mumewe. Mumewe alikuwa mezani anapanga mkate na maji ya sakramenti. Alipomfikia, mimi nilikuwa nimeshabonyeza wimbo wa kwanza. Kwa hilo nijilaumu kidogo, ingawa saa ilikuwa imefika.

Rais akasimama na karatasi yake. Akatangaza kwamba ndugu yetu amepumzishwa, wanaomshukuru wainue mikono. Tukainua wote. Kisha akamtaja aliyeitwa kuchukua darasa, na aliyetajwa alikuwa dada yangu, mke wake wa ndoa, anayemkorogea uji akiumwa. “Wanaoidhinisha waonyeshe.” Mikono ikapanda. Wa shemeji ulibaki juu ya goti.

“Wanaopinga, kama wapo, kwa ishara hiyo hiyo,” Rais akasema, macho tayari yapo kwenye tangazo linalofuata. Swali hilo tunaliuliza kila tunapomwita mtu, na tangu tawi lianze hakuna aliyewahi kulijibu. Tunaliuliza kama unavyomuuliza mpita njia habari zake bila kusimama.

Mkono wa shemeji ukapanda. Mimi kwenye kinanda nimewakabili watu, kwa hiyo sikuhitaji kusimuliwa. Ulipanda hadi juu, kiganja wazi, na ulipofika juu yeye mwenyewe aliutazama kana kwamba ni wa jirani. Mlinzi aliamka akasema “Amina.” Dada yangu hakugeuka. Alikaza macho mbele, na shingo yake ilikuwa imesimama wima kama ya mtu aliyebeba ndoo.

“Asante,” Rais akasema polepole. “Tutaonana baada ya mkutano.”

Mlango wa chumba cha mafagio ni wa mbao nyembamba, nami nilikuwa na vitabu vya nyimbo vya kupanga karibu na hapo.

“Ndugu, ule mkono,” Rais akaanza.

“Mkono ulichelewa, Rais. Nilikuwa mbali kimawazo. Nilikusudia kuidhinisha, ukaangukia kwenye kupinga.”

Dada yangu alinipita bila hodi, akafungua mlango, akaingia. “Rais, naheshimu wito. Lakini siwezi kufundisha darasa ambalo mume wangu amelipinga mbele ya watu. Kama mkono ulichelewa, aniangalie mimi aniambie. Kama haukuchelewa, aniambie pia. Jumapili ijayo nitafundisha kwa sababu nimekubali. Nikimaliza kama bado hajaniambia ukweli, nitakuomba unipumzishe.”

“Dada, ukiacha sina mwingine,” Rais akasema. “Itabidi nimrudishie yeye.”

Yule ni dereva, hajasomea kuficha karata. Alilisema mbele ya shemeji mwenyewe. Kwa hiyo tuliondoka pale sote tukijua: akikaa kimya wiki moja tu, darasa lake linarudi. Na nilipomtazama usoni niliona kwamba hesabu hiyo ameshaipiga.

Njiani alijaribu. “Nimeshamweleza Rais, mke wangu. Mkono ulichelewa tu.”

“Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma,” dada akasema bila kupunguza mwendo. “Ulisema nisiishie kwenye maneno yanasema nini. Niulize nani aliandika, lini, na kwa nini. Basi nausoma mkono wako. Aliuinua nani? Lini? Kwa nini?”

“Hayo ni maswali ya kitaalamu.”

“Mtaalamu si wewe? Nakusubiri.”

Wiki ile dada yangu kila akitoka zamu alikaa meza ya jikoni na vitabu vya mumewe, penseli mkononi, na hakumuuliza hata neno moja. Shemeji alipita kuchukua maji ambayo hakuyanywa. Akapita kuchukua maji mengine. Dada angemuuliza chochote, hata maana ya neno moja, mumewe angepona. Lakini dada alisoma mwenyewe, na aliposhindwa alifungua kamusi mwenyewe.

Shemeji akaja kwangu. “Unajua dada yako ameanza sura ya arobaini ya Isaya bila kusoma zile thelathini na tisa za mwanzo?”

“Atakufa?”

“Hajali nani ametangulia. Anasoma, anafunga kitabu, anatazama ukutani. Huko si kusoma.”

“Shemeji, una wivu.”

“Wivu! Mimi nalinda maandiko.”

“Maandiko yalilindwa kabla hujazaliwa, na ukifa yatalindwa. Sema una wivu, upumue.”

Aliondoka, nikasikia msumari mmoja. Mteja wangu akacheka mpaka kichwa kikanitoka mkononi. Mimi sikucheka sana. Marehemu mume wangu hakuwahi kunionea wivu hata wa kijiko. Nikifanya jambo zuri alisema “haya” na kugeuza gazeti. Nilisuka kichwa kile chote nikiwaonea wivu watu wawili ambao hawasemeshani.

Jumamosi jioni niliingia kwao kuomba kibiriti nikamkuta shemeji ndiye yupo mezani. Dada alikuwa kazini. Kitabu kilikuwa wazi, na kidole chake kilikuwa kinafuata alama za penseli za mkewe. Zake mwenyewe zilikuwepo, za zamani, kando kando: miaka, majina ya wafalme, neno hili limerudiwa wapi. Za dada zilikuwa chini ya mistari mingine kabisa, pale penye mtu anayelia, pale penye mtu anayebebwa.

“Angalia,” akaniambia kwa sauti ya chini. “Amepiga mstari pale ambapo mimi sijawahi hata kusimama.” Nilidhani atalisema kwa sifa. Alilisema kwa uchungu, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumbani kwake kuna chumba hajawahi kuingia.

Nikamwambia, “Basi mwambie.”

“Nikimwambia, darasa limekwenda.”

Nikachukua kibiriti nikaondoka, maana ningebaki ningempiga nacho.

Jumapili darasa lilijaa. Watu ni watu. Wengine hawakufuata Isaya, walifuata mkono. Dada yangu alisimama mbele na chaki, sare yake ya kazini imechungulia chini ya sweta. Hakuanza na tarehe. Aliuliza, “Nani hapa ameshawahi kuishi mahali ambapo hakupataka, na hajui atarudi lini kwao?” Muuza mkaa akainua mkono kabla swali halijaisha. Dada akamwacha aeleze. Kisha akasema kwamba hivyo ndivyo walivyokuwa watu wa Yerusalemu walipopelekwa Babeli, na wanazuoni wengi wanadhani sura hizi zilisemwa kwa ajili yao, na sauti nyingine iliyokuja baada ya Isaya wa kwanza.

“Kwa hiyo Isaya ni wangapi?” muuza mkaa akauliza, kwa wasiwasi.

“Kochi la zamani ukilifungua,” dada akasema, “unakuta kitambaa chini ya kitambaa. Labda limepita kwa mafundi watatu. Lakini ukikaa, unakaa kwenye kochi moja, nalo linakubeba.”

“Aaa!” muuza mkaa akasema, akaegemea nyuma kama mtu aliyekaa kweli.

Shemeji alikuwa kiti cha nyuma, kando yangu. Nilimsikia anavuta pumzi kwa meno. “Hiyo ni yangu,” akaninong’oneza. “Nilimwambia mimi. Jikoni, zamani. Hata mwenyewe nilikuwa nimeisahau.”

“Sisi mbona hukutuambia?”

“Niliiona ni ya jikoni.”

Sijawahi kumwona mtu akiionea wivu sentensi yake mwenyewe. Uso ulimjaa damu, mikono ameibana katikati ya magoti, na kila kichwa kilichotikisika mbele kwa kuelewa kilimchoma upya. Na bado hayakuwa yamekwisha, kwa sababu mlinzi wa ghala alikuwa macho. Alikuwa macho tangu mwanzo, tena ameinama mbele, na sasa akauliza swali.

“Dada, samahani. Lehi na wanawe waliondoka Yerusalemu kabla watu hawajapelekwa Babeli. Hivyo ndivyo Kitabu cha Mormoni kinavyosema. Na Nefi, mtoto wa Lehi, amenukuu baadhi ya sura za hapo mbele. Sasa kama zimeandikwa huko Babeli baadaye, Nefi alizipata wapi?”

Ni swali zito, na ni letu sisi. Kanisa jingine lolote halilali nalo. Dada yangu alilifikiria, tulimwona analifikiria.

“Sijui,” akasema. “Nimelisoma wiki nzima, nimeliombea, bado sijui. Naamini, na sijui.”

Shingo zikaanza kugeuka, moja baada ya nyingine, kuelekea nyuma. Isaya wa Nne alikuwa na majibu. Niliona midomo yake ikiyapanga. Angesimama tu akayatoa, kila mtu pale angesema darasa hili lina mwenyewe, na baada ya hapo angefunga mdomo, mkewe angeenda chumba cha mafagio, na mambo yangeishia hapo. Dada yangu alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. Alisimama na chaki yake, akasubiri.

Mkono wa shemeji ukapanda.

Darasa zima likaganda. Mara ya mwisho tulipouona mkono ule hewani hatukulala vizuri. Rais, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivua kofia yake.

“Mkono huo ni wa nini, Ndugu?” dada akauliza. Sauti ilikuwa ya mwalimu. Vidole ndivyo vilivyokuwa vimeikaba chaki.

Shemeji akasimama, mkono bado juu. “Nianze na ule mwingine,” akasema. “Haukuchelewa. Uliuliza nani. Ni mimi. Uliuliza lini. Ni pale pale niliposikia jina lako. Uliuliza kwa nini. Kwa sababu nilijua watakuelewa.”

Hata mlinzi hakusema Amina.

“Na huu?” dada akauliza.

“Huu ni wa kuidhinisha. Huu ndio uliochelewa.”

Dada yangu aligeukia ubao, akafuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi. Alipogeuka tena macho yalikuwa yanang’aa, ila sauti aliirudisha mahali pake. “Asante. Ushushe sasa, utachoka. Na swali la ndugu yetu?”

“Yapo majibu matatu,” shemeji akasema. “Nabii anaweza kuona yaliyo mbele. Wanazuoni wanaweza kukosea tarehe. Au aliyetutafsiria Kitabu cha Mormoni alitumia maneno ya Biblia ambayo watu wake walikuwa nayo masikioni. Nimeyapima yote. Kila moja ni kitambaa kizuri, na kila moja limepungua pembe.” Akataka kuendelea, tuliona kifua kinajaa. Akamtazama mkewe, akakaa.

“Asante, Ndugu,” dada akasema. “Wengine?”

Hakwenda chumba cha mafagio. Darasa ni lake mpaka leo, na mlinzi siku hizi anakuja na maswali kwenye kipande cha boksi.

Msije mkadhani wivu uliisha. Jumatatu asubuhi nilikuwa nachana nywele za mtu nikasikia misumari inafuatana vizuri, nikajisemea leo kuna amani. Halafu ikakatika. Msumari mmoja. Kimya.

Nikagonga ukuta. “Shemeji! Kuna nini tena?”

“Muuza mkaa amepita hapa,” akajibu kutoka upande wa pili. “Anamsimulia mtu ile habari ya kochi. Anasema ni ya dada yako.”

“Wewe ulisemaje?”

Kimya. Msumari mwingine, peke yake.

“Nilisema ndiyo,” akasema.

Kisha nikasikia dada yangu anacheka humo humo ndani ya karakana, kumbe muda wote alikuwa amekaa kwenye kochi ambalo halijafungwa, na misumari ikaanza tena kufuatana.